Darasa la kusuka vikapu vya vitu vya kuokota, Shela: nimetoa nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Kwanza niseme wazi, mimi sikutaka kwenda. Dada yangu ndo alinitumia picha kwenye wasap, kikapu kimejipinda kama konokono, hakina mshikio, hakina kifuniko, ubavuni kimetoboka, alafu chini ameandika "twende Lamu tukajifunze". Nikamuuliza hiki kinabeba nini, akaniambia hakibebi kitu, ni cha kuangalia. Jamani. Mimi nimezaliwa Malindi, nyanya yangu amesuka mikeka mpaka vidole vikakataa kunyooka, na sikumbuki siku hata moja alisuka kitu cha kuangalia, sasa leo nitoe 7,500 kwa siku mbili nikafunzwe na watu kitu ambacho nilikataa kufunzwa bure nikiwa na miaka kumi? Maana ukweli ndo huo, nilikua nakimbia. Nikisikia tu "njoo unishikie hapa" mimi tayari niko nje ya ua.

Basi tukaenda. Safari siielezi sana, basi la asubuhi mapema Malindi mpaka Mokowe, lami siku hizi iko, kitambulisho kaa nacho mkononi manake ukaguzi upo njiani, alafu boti mpaka mjini. Kutoka mjini kwenda Shela tulitembea pwanipwani, na hapo mtu asikudanganye, angalia maji kwanza, yakijaa njia inaliwa na utafika darasani na leso imelowa mpaka magotini kama sisi.

Darasa liko juu ya nyumba, darini, chini ya makuti, upepo mzuri, bahari unaiona. Tulikua wanane, wenyeji watatu tu na waliobaki wageni. Jina la mahali silitaji kwa sababu kuna mambo huko chini nitayalalamikia na sitaki maneno, lakini Shela si kubwa, uliza tu.

Tuliambiwa saa tatu, tukaanza saa nne na nusu. Hiyo nusu nyota imeondoka hapo, kabla sijashika hata ujani mmoja. Mwenye darasa ni dada mmoja mchangamfu, amesomea mambo ya sanaa, akaanza na picha kwenye leptopu, akatuonyesha vikapu vya Marekani, kuna mzee alikua anaitwa Ed Rossbach, alikua mwalimu wa chuo kikuu kule California, amekufa 2002, huyo alisuka vikapu kwa magazeti, kwa plastiki, kwa chochote kilichomjia mkononi, na watu wakaanza kuviweka makumbusho kama sanamu. Vingine vizuri kweli. Vingine nilitazama nikasema kimoyomoyo huyu angeletwa kwa nyanya yangu angefumuliwa yote aanze upya.

Lakini baada ya hapo tukashuka pwani kuokota, na hapo ndo nilianza kulainika. Kila mtu amepewa pakacha moja, lile la kuti linasukwa dakika kumi na likishamaliza kazi linatupwa, ukaambiwa jaza. Kuna masharti lakini. Chochote kinachoota kiache. Mikoko mibichi usiguse, hiyo haikatwi bila kibali na Lamu ndo yenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya pwani, ukikuta mzizi au fimbo imekauka imetupwa na maji hiyo chukua. Kombe lenye mdudu ndani liache. Na kule kwenye vilima vya mchanga kuna ule mlakasa unaotambaa wenye maua ya zambarau, mrefu, mwembamba, unapindika vizuri, mimi nikauona nikasema hii ndo kamba yenyewe, nikataka kuvuta, nikapigiwa ukelele! Kumbe mlakasa ndo unashika ule mchanga usihame, na chini ya mchanga wa Shela ndo kuna maji matamu yanayonywewa mjini. Sikujua. Nimekua nikikanyaga mlakasa maisha yangu yote.

Nilichookota mimi: makarara mawili ya mnazi (lile ganda gumu linalofunika ua la mnazi, likikauka linadondoka lenyewe, lina umbo la ngalawa), vilifu kadhaa, vile vitambaa vya kahawia vinavyozunguka makuti machanga juu kwenye mnazi, chelewa za kutosha, zile njiti za katikati ya majani ya mnazi, makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, na kipande cha mti kimesuguliwa na bahari mpaka kimekua laini kama sabuni. Dada yangu yeye aliokota ndara saba, zote za mguu wa kushoto wallahi, akasema atazitumia manake si jahazi la Flipflopi lilijengwa hapahapa Lamu kwa plastiki na ndara za kuokotwa, likazinduliwa 2018, basi kwa nini yeye asitumie. Akaambiwa hapa ni vitu vya asili tu. Ndara zikaenda kwenye gunia la taka, na nadhani pwani ilifaidika na dada yangu kuliko darasa.

Tuliporudi juu ndo tukamkuta Bi mkubwa. Huyu ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Ametoka Matondoni, kule wanakojenga majahazi, na wanawake wa kule na wa Kipungani kusuka kwao ni kama kupumua. Amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mwaa, lile jani la kusukia, ameushika kwa kidole gumba cha mguu, hatuangalii. Dada wa leptopu kwa heshima akamwonyesha picha moja ya kile kikapu kilichotoboka. Bi mkubwa akaitazama sana. Akasema, "Huyu hakumaliza."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Wageni wanauliza amesema nini, amesema nini, hakuna aliyetafsiri.

Alafu akatia mkono kwenye kanda lake, ule mfuko wa kusukwa, akatoa kifumbu. Kama hujui kifumbu basi wewe umekua na nazi za pakiti, ni kile kifuko kirefu cha kukamulia tui, unatia nazi iliyokunwa, unakipinda, kinajinyonga chenyewe tui linatoka. Akakishika juu kikiwa kitupu. Kile kitu kikisimama peke yake bila nazi, kwa umbo, kinashinda vyote tulivyoonyeshwa asubuhi. Na kila pindo ina kazi yake, ule mshazari wa msuko ndo unaofanya kikivutwa kiwe chembamba na kikisukumwa kiwe kinene, angesuka wima kisingekamua hata tone. Akatoa na kipande cha lema la samaki, ule mtego wa kusukwa wenye matundu ya pembe sita, akatwambia hilo tundu si pambo, hilo ndo linaamua samaki gani mdogo atoke na nani abaki. Mimi hapo nikanyamaza. Manake nyumbani kwetu kifumbu kilikua kinaning'inia jikoni miaka yote na sikuwahi kukitazama kama kitu. Kilikua kifumbu tu.

Sasa kusuka kwenyewe. Siku ya kwanza ni miyaa ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, kwa sababu Bi mkubwa alisema hawezi kumfunza mtu fujo kabla hajajua mpango. Miyaa inakatwa ikiwa bado haijafunguka, ile ya katikati, inachanwa, inaanikwa juani mpaka inakua nyeupe, na kabla ya kusuka unailowesha kidogo tu, unaifunga kwenye kitambaa kibichi. Si kuitosa kwenye ndoo. Mgeni mmoja aliitosa kwenye ndoo akaenda kunywa chai, ikarudi imelegea kama tambi. Unachana kwa wembe au ncha ya sindano, upana sawa, na hapo kwenye "upana sawa" ndo watu wanaanza kulia. Chane zangu moja ni kama uzi nyingine ni kama mkanda wa suruali. Ukili wangu, ule utepe unaosukwa kwa chane, ukaanza kwenda kushoto. Nikaurudisha, ukaenda kulia. Bi mkubwa akanigonga mkono kidogo tu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, akasema, "Mwanangu, fungua mato. Mwaa una ndia yake, wewe waulazimisha." Nimeisikia sauti ya nyanya yangu pale. Neno kwa neno, ila kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu.

Kufika saa tisa nilikua na ukili kama dhiraa moja hivi, na ulikua umenyooka. Nimeupiga picha.

Chakula cha mchana kimo kwenye bei, wali wa nazi na samaki wa kupaka na juisi ya ukwaju, sina neno. Mzuri. Kachumbari ilikua na pilipili ya kutosha.

Siku ya pili ndo siku ya fujo, hivo ndo tulivyoita sisi, manake hakuna safu hakuna hesabu. Unatengeneza pete tatu za chelewa au fimbo nyembamba, unazifunga zikatane kama mpira, hiyo ndo mifupa. Alafu unapitisha ulichonacho juu chini, juu chini, popote unapoona pamelegea, mpaka kitu kianze kusimama chenyewe. Inaonekana rahisi. Si rahisi, kwa sababu kwenye ukili ukikosea mkono unakwambia hapohapo, huku ukikosea unajua baada ya saa mbili pale kikapu kinapokaa upande na ukikisukuma kinarudi upande uleule kama mtoto mkaidi.

Na mimi nilikua na kosa langu zaidi. Siku ya kwanza jioni nikajitia kiherehere, nikaomba maganda ya mgomba pale jirani, mabichi, nikaanza mapema ili kesho niwe mbele ya wenzangu. Nilisuka mpaka usiku kwa tochi ya simu, kimebana kabisa, nikalala nimefurahi. Asubuhi kimelegea chote, matundu kila mahali, unaweza kupitisha ngumi. Kitu kibichi kikikauka kinasinyaa, hili kila mtu pale Matondoni analijua tangu akiwa na miaka mitano, na mimi nimelilipia 7,500. Bi mkubwa hata hakunicheka, alivuta lile ganda moja likatoka lote kama uzi wa sweta, akalikunja akalitia kwenye kanda lake. Nafikiri alienda kufungia kitu.

Basi nikaanza upya na makarara. Yalikua yameloweshwa usiku kucha kwenye pipa, yamekua laini, yanapindika. Nimeyakutanisha mawili kama viganja vya mtu anaomba dua, nikatoboa pembeni kwa msumari wa moto, nikashona na kamba ya usumba. Kamba ya usumba nayo tulifunzwa kuisokota lakini usumba wenyewe waliuleta tayari, manake makumbi yanafukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa mpaka yaoze ndo yapigwe, huwezi kufanya kwa siku mbili. Unasokota kwenye paja. Paja langu mpaka leo lina alama. Juu nikasuka mdomo wa fujo wa chelewa na kilifu kidogo, na kile kipande cha mti nikakipitisha katikati. Kikasimama. Kimeenda upande kidogo, kama mzee aliyeegemea baraza anasikiliza habari za watu, lakini kimesimama.

Nikampelekea Bi mkubwa. Akakigeuza, akatia mkono ndani, akavuta mdomo kuona kama utang'oka. Haukung'oka. Akauliza, "Kisha utie nini?" Nikamwambia hamna kitu, ni cha kuangalia. Akanitazama kama nilivyomtazama dada yangu kwenye ile picha.

Sasa malalamiko.

Bei. Mwenyeji 7,500, mgeni 12,000, sina shida na hilo, mgeni alipe. Shida yangu ni kwamba pale chini kuna duka lao, na kikapu kidogo kilichosukwa na mtu kama Bi mkubwa kimeandikwa bei ambayo mimi nikiitaja hapa mtadhani nimeongeza sufuri. Nikamuuliza yule kijana wa dukani, aliyesuka anapata ngapi? Akasema "anapata vizuri". Nikamuuliza vizuri ni ngapi. Akaenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia. Kwenye karatasi ya tangazo mikono ya Bi mkubwa iko pale, picha kubwa, nzuri, pete yake ya fedha unaiona, na chini kuna jina la darasa na jina la mwenye darasa. La kwake halipo. Labda mwenyewe hakutaka, wakubwa wetu wengi hawapendi majina yao yatembee, lakini nilimuuliza akasema hajawahi kuulizwa. Nyota nyingine nusu hiyo, na kama kungekua na njia ya kutoa nyota zote kwa mtu mmoja ndani ya darasa na kuacha mengine bila kitu ningefanya hivo.

Kingine, mikasi ilikua mitatu kwa watu wanane. Wembe walitoa wa kutosha lakini hakuna plasta hata moja na mtu akakatika, ikabidi dada yangu achane leso. Rangi pia. Siku ya kwanza tulichemsha miyaa kwenye rangi za unga, zambarau na kijani, zikatoka nzuri kwa macho, lakini hawakutwambia tuzisuuze mpaka maji yawe meupe, sasa leso yangu nyeupe imekua na ramani ya zambarau na haijatoka mpaka leo nimefua mara nne. Nilipowaambia kwa wasap wakanijibu na ua. Ua tu, lile la waridi.

Na lugha. Maelezo mengi ni kwa Kiingereza kwa sababu ya wageni, alafu sisi watatu tunapewa muhtasari. Nimekuja Lamu, mji ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO 2001, mji wa washairi, nifunzwe kusuka kwa Kiingereza na Bi mkubwa anakaa pale kimya akingoja tafsiri ya kazi yake mwenyewe? Tulilalamika siku ya pili, ikarekebishwa kidogo. Mkienda semeni mapema.

Kikapu sasa kina miezi mitatu nyumbani, na hapa nitaongea kama mtu anayehakiki sufuria. Karara limekaa vizuri, halijapasuka. Usumba hauna shida, ule hata bahari haiuwezi. Kilifu kimeanza kunyonyoka vumbi la kahawia, kila nikifagia nakuta. Chelewa ziliota ukungu wiki ya tatu, ilikua masika na mimi nilikiweka pembeni mwa dirisha la bafu kwa sababu ndo pazuri kwa picha, kosa langu, nikakipangusa na siki na kukianika, ukaisha. Kama nyumba yako ina unyevunyevu usiweke kitu hiki ukutani, weka mahali upepo unapita. Na ukiona vumbi jepesi kama unga chini yake jua ni wadudu wa mti, kuna mgeni mmoja aliyetumia fimbo nene ilimtokea, alituandikia kwenye gurupu, nami nikaangalia kile kipande changu cha mti kwa tochi mara mbili kwa siku mpaka nikachoka. Salama.

Ule ukili wangu wa dhiraa moja mama aliuchukua. Akautazama pande zote mbili, akasema chane mbili hapa umeruka, alafu akatoa shazia ya nyanya ambayo mimi nilidhani ilipotea miaka ile tulipohama, ilikua kwenye bati la biskuti pamoja na vifungo. Sasa hivi anasuka mwisho wake, anataka uwe kawa la kufunikia chakula. Anasema tangu mifuko ya plastiki ikatazwe 2017 watu sokoni wananunua vikapu kama nini na sisi tumekaa tu. Kikapu changu cha makarara ametia vitunguu. Nilipomwambia ni cha kuangalia akasema basi angalia vitunguu.

Kwa anayetaka kwenda: ulizeni kabisa kama Bi mkubwa yupo siku hizo mbili zote, manake si kila darasa anakuja, kuna wakati ni yule dada peke yake na leptopu, na hapo mimi singelipa. Bebeni wembe wenu, plasta, na leso ambayo hamuipendi. Kucha fupi. Msije wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, mkidhani mtatembea kutoka mjini. Kama una nyanya bado hai anayesuka, basi usilipe mtu, nenda kwake na sukari kilo mbili.

Mimi nimeshatuma dipoziti ya Disemba. Wamesema kutakua na siku tatu za lema, na nimeandika kwa herufi kubwa kwamba nataka kwa Kiswahili.